Kusoma jenomu nzima ya kirusi cha batobato, kuanzia jani la muhogo mpaka duara lifunge

Kila mwaka naletewa vijana wa mafunzo kwa vitendo, na kila mwaka swali la kwanza ni lilelile: "Dada, mashine ya kusomea vinasaba iko wapi?" Naionyesha. Ni MinION, kidude kinachoenea kiganjani, kimechomekwa kwenye laptopu kwa waya wa USB. Wanaangaliana. Walitarajia kitu cha ukubwa wa friza. Nawaambia waiache hapohapo ilipo, hawataigusa mpaka siku ya nne. Siku tatu za mwanzo ni za majani, kinu na pipeti, na huko ndiko jenomu, yaani jumla ya vinasaba vya kiumbe, inakopatikana au inakopotelea.

Naandika kwa ajili ya yule anayetaka kusoma jenomu nzima kwa mara ya kwanza: mwanafunzi, fundi sanifu wa maabara, au mtafiti aliyezoea kutuma sampuli zake nje na kungoja barua pepe. Usianze na mmea. Usianze na mnyama. Anza na kirusi cha batobato ya muhogo, ugonjwa unaotia majani mabaka na kuyakunja, kwa sababu tatu.

Kwanza, ni kidogo. Jenomu yake ni DNA ya duara yenye vipande viwili, DNA-A na DNA-B, na kila kipande kina besi, yaani herufi za DNA, 2,800 hivi au pungufu kidogo. Bakteria E. coli ana besi milioni 4.6, muhogo wenyewe unakaribia milioni 750, na binadamu amevuka bilioni 3. Jenomu ya kwanza ya DNA kuwahi kusomwa yote, ile ya kirusi phiX174 kinachoshambulia bakteria, ilikuwa na besi 5,386, na Frederick Sanger na wenzake waliitoa mwaka 1977. Jumlisha vipande viwili vya kirusi chetu, utaona umefika karibu na hesabu hiyohiyo. Kwa maneno mengine utapita njia aliyopita Sanger, ila wewe utapita kwa wiki moja.

Pili, ni duara. Duara likifunga, umemaliza, na hakuna wa kubishana nawe. Jenomu ya binadamu ilitangazwa kuwa imekamilika mwaka 2003, lakini mapengo ya mwisho yalizibwa katika kazi iliyotoka mwaka 2022. Huo ni ubishi wa miaka 19 kuhusu neno "nzima".

Tatu, ni cha kwetu. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, na mpaka leo ukitoka Dar es Salaam kwenda Mkuranga hupiti mashamba mawili bila kuuona.

Shambani

Nenda muhogo ukiwa na umri wa miezi mitatu hadi sita. Kabla ya hapo dalili hazijakaa sawa. Baada ya hapo mmea umekuwa mrefu, majani ya juu huyafikii bila kuukunja.

Omba ruhusa kwanza. Naliandika hili kwa sababu niliwahi kuanza kuchuma kabla mwenye shamba hajatoka ndani, nikasikia nyuma yangu: "Hicho kisamvu unamchumia nani?" Nikageuka. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Nimekuuliza kisamvu." Nilimweleza kwamba natafuta kirusi kinachofanya majani yajikunje. Akasema yajikunjayo nichukue yote, ila yale mazuri ya upande wa mnazi ni mboga ya jioni.

Chuma jani changa, la pili au la tatu kutoka kileleni, lenye mabaka ya njano na kijani na mkunjo unaoonekana. Wengi hukimbilia jani lililoharibika kuliko yote. Lile limebaki uti tu, halina nyama ya kutosha kusaga. Chuma pia jani moja la mmea unaoonekana mzima katika shamba hilohilo, la kulinganishia. Andika ukali wa ugonjwa kwa kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 1 ni mmea usio na dalili na 5 ni mmea uliodumaa kabisa. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, geuza taratibu majani matano ya juu uhesabu nzi weupe waliokaa chini yake. Hao ndio wanaobeba kirusi kutoka mmea hadi mmea, na saa tano wakishachangamka huwezi kuwahesabu tena. Aina ya muhogo andika kwa jina analolitumia mkulima mwenyewe.

Jani liweke katikati ya karatasi za gazeti, libane, na gazeti libadilishe kila siku mpaka likauke na kuvunjika kama biskuti. Kama una punje za silika, mfuko mdogo wenye jani na silika unatosha. Mfuko wa plastiki mtupu ndani ya gari lililoegeshwa juani utakupa kisamvu kilichooza, na vinasaba vyake vimekatikakatika.

Lebo andika kwa penseli. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika kwa kalamu ya wino mirija 18 ya safari ya siku mbili, kisha nikamwaga ethano kidogo mezani. Wino wote ukayeyuka. Nikabaki na mirija 18 mizuri isiyo na majina, na mkuu wangu wa kazi hakugomba, alinyamaza tu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kinu, utelezi na kahawia

Aliyewahi kutwanga kisamvu anajua jani la muhogo lina utelezi. Utelezi huo ni sukari ndefu zinazonata, na zitakufuata mpaka mwisho: zinashikamana na DNA na kuvizuia vimeng'enya kufanya kazi. Halafu kuna kemikali zinazofanya jani lililokatwa ligeuke kahawia. Nazo zikiikamata DNA haitoki. Ndiyo maana kwa muhogo tunatumia bafa ya CTAB (aina ya sabuni inayopasua seli) yenye chumvi nyingi ya kuzuia utelezi, PVP ya kunyonya zile kemikali, na matone machache ya beta-mekaptoethano ya kuzuia ukahawia. Hiyo ya mwisho inanuka kama mayai viza na ni sumu. Ifungulie kwenye kabati la kuvutia hewa, si mezani.

Pima miligramu 100 za jani bichi, au 20 hadi 30 za jani kavu. Saga kwenye kinu kidogo cha kauri kilicholala kwenye friza usiku kucha. Naitrojeni ya kimiminika ni bora, lakini kwetu haipatikani kila wiki, na jani lililokauka sawasawa linasagika bila hiyo. Endelea mpaka upate unga laini kama hina. Unga wenye vipande utakupa DNA kidogo.

Weka mikrolita 700 za bafa iliyokwisha pashwa moto, tia kwenye joto la sentigredi 65 kwa dakika 30, na kila dakika tano upindue mrija mara chache. Toa, uache upoe, ongeza klorofomu iliyochanganywa na alkoholi ya isoamili kwa 24 kwa 1, ujazo sawa na uliomo. Pindua mpaka iwe kama maziwa. Zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi ya 13,000 kwa dakika 10.

Sasa tulia. Mrija umegawanyika tabaka tatu: chini klorofomu ya kijani kibichi, katikati utando mweupe, juu maji yanayong'aa ambamo DNA imo. Tamaa ya kila mgeni ni kunyonya maji yote ya juu. Usifanye hivyo. Acha robo. Ukiugusa ule utando mara moja, umerudisha uchafu wote uliokuwa unaukimbia. Nikiona maji ya juu bado yana rangi ya chai, narudia klorofomu mara ya pili bila kujadiliana na mtu.

Maji hayo yaongezee isopropano baridi, theluthi mbili ya ujazo wake, weka kwenye friza nusu saa, zungusha tena. Chini utaona kitonge kidogo. Kikiwa cheupe na kimetulia, vizuri. Kikiwa kama uji wa ndizi unaotikisika, huo ni utelezi, na itabidi ukisafishe zaidi. Osha kwa ethano ya asilimia 70, mwaga, acha kikauke lakini kisipasuke kama udongo wa kiangazi, kisha yeyusha kwenye mikrolita 50 za maji safi au bafa ya TE. Maliza kwa RNase ili RNA iondoke.

Pima kwa vipimo viwili vya DNA, NanoDrop na Qubit, vyote viwili. NanoDrop inakueleza usafi, kwa uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita hizi: 260 kwa 280 iwe karibu 1.8, na 260 kwa 230 iwe 2 au zaidi. Qubit inakueleza kiasi cha kweli. NanoDrop peke yake huhesabu na takataka, na nimeona kijana akishangilia nanogramu 900 kwa mikrolita wakati Qubit ilikuwa inasema 40.

Katika kila kundi la sampuli weka na mrija wa kinu kitupu: bafa pekee, imesagwa kwenye kinu hichohicho bila jani, ikapitia hatua zote. Wakati fulani mrija huo ulinipa kirusi kamili, duara zima. Kwa dakika kumi nilijiona nimegundua jambo. Kumbe kinu kilikuwa kimesuuzwa tu kwa maji ya bomba, na kirusi kilikuwa cha jani la jana yake. Tangu hapo vinu vyangu vinaoshwa kwa sabuni, vinalowekwa kwenye Jik iliyozimuliwa nusu saa, vinasuuzwa, vinakaushwa kwenye oveni.

Kukikuza kirusi peke yake

Katika DNA uliyotoa, kirusi ni tone ndani ya pipa. Iliyobaki ni ya muhogo. Hapa ndipo udogo na uduara vinapolipa. Kuna polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) iitwayo phi29, iliyotokana na kirusi cha bakteria Bacillus subtilis, ambayo ikishika duara hainakili mara moja ikaachia. Inazunguka na kuzunguka, ikisukuma mbele yake uzi ilioutengeneza mzunguko uliopita, kama mtu anayesuka ukili bila kukata. DNA ndefu iliyonyooka ya muhogo haina pa kuzungukia, kwa hiyo baada ya usiku mmoja kirusi kinakuwa kimetawala mrija.

Changanya DNA na vianzio vya nasibu (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) vya herufi sita, pasha sentigredi 95 kwa dakika tatu, tumbukiza kwenye barafu. Ongeza polimerasi na besi huru, acha kwenye sentigredi 30 kwa saa 18, kisha ua kimeng'enya kwa sentigredi 65 kwa dakika 10. Mimi nauweka saa kumi jioni, nawahi daladala, naukuta asubuhi.

Usishtuke mrija wa maji matupu nao ukionyesha DNA kwenye Qubit. Phi29 ikikosa cha kunakili hunakili hata vianzio vyake yenyewe. Jibu la kweli litatoka kwenye kukata na kusoma. Chukua mikrolita chache, kata kwa kimeng'enya kinachokata duara mahali pamoja, pitisha kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1. Ukiona bendi moja nzito penye 2,800, kirusi kipo. Ukiona bendi mbili, jumlisha ukubwa wake: zikifika 2,800 hivi, kimekata mara mbili tu. Zikizidi sana, huenda kuna virusi vya aina mbili ndani ya mmea mmoja, jambo la kawaida kabisa.

Tahadhari moja. Njia hii haiuoni ugonjwa mwingine mkubwa wa muhogo, michirizi ya kahawia. Kirusi chake ni cha RNA, kimenyooka, kina besi 9,000 hivi, na phi29 haina habari nacho. Mmea wako unaweza kuwa na vyote viwili, nawe ukaandika kimoja.

Sasa mashine

Zao la phi29 lina matawi kama mkaratusi, na matawi huziba vitundu vya mashine. Yakate kwa kimeng'enya cha T7 endonukleasi kwenye sentigredi 37 kwa dakika 15, kisha safisha kwa chembe za sumaku na ethano ya asilimia 80 iliyochanganywa siku hiyohiyo. Ethano ya wiki iliyopita imeshapoteza nguvu, na ukiitumia inaondoka na DNA yako.

Kwa kuandaa, natumia seti ya haraka yenye lebo 24. Ndani yake mna kimeng'enya kinachokata DNA na papo hapo kubandika lebo fupi, hivyo sampuli 24 zinaweza kuchanganywa pamoja na kutenganishwa baadaye na kompyuta. Nanogramu 200 kwa kila sampuli, dakika mbili kwenye sentigredi 30, dakika mbili kwenye 80, basi. Maelekezo ya kisanduku yatakuambia hatua inayofuata ifanyike kwenye joto la chumba. Joto la chumba lao si la Dar es Salaam mwezi wa pili. Washa kiyoyozi, funga mlango.

Floseli, kikasha kinachoingia ndani ya MinION, ndiyo roho ya kazi na ndiyo inayokula pesa, mamia ya dola kwa moja. Ndani yake kuna vitundu vya protini, na kila kitundu kinapitisha mkondo mdogo wa umeme. Uzi wa DNA ukipita, mkondo unabadilika kulingana na herufi zilizopo, na kompyuta inazitambua. Itoe kwenye jokofu, iache izoee joto la chumba, kisha uikague kwa programu kabla ya jambo lingine lolote. Floseli mpya ya MinION inapaswa kuonyesha vitundu 800 au zaidi. Ikipungua hapo, piga picha ya skrini na umwandikie aliyekuuzia siku hiyohiyo.

Kinachoiua floseli ni povu la hewa. Fungua tundu la kuingizia. Weka pipeti ya mikrolita 1,000 kwenye 200, chomeka ncha wima, na usibonyeze chochote. Zungusha gurudumu la namba polepole: 205, 210, 220. Utaona kimiminika cha njano kikipanda kidogo kwenye ncha, na povu lililokuwa mlangoni likipanda nalo. Ishia hapo, 230 ndiyo mwisho. Ukivuta zaidi utakausha vitundu, na kitundu kikikauka hakifufuki. Kisha ingiza mikrolita 800 za bafa ya kuandalia, ukiacha tone la mwisho ndani ya ncha ili usisukume hewa. Subiri dakika tano. Fungua kifuniko kidogo cha katikati, ongeza 200 nyingine kwenye tundu lilelile la kwanza, halafu mchanganyiko wako wa mikrolita 75 udondoshe kwenye tundu la katikati, tone kwa tone, kila tone likinyonywa ndipo liende lingine. Vijana wangu nawafundisha hatua hii kwa floseli iliyokufa na maji ya rangi, mara kumi, kabla ya kuwapa nzima.

Laptopu nayo iandae. Zima usingizi wa skrini, zima masasisho ya mfumo, hakikisha diski ina nafasi ya kutosha, na chomeka kwenye kihifadhi umeme. Usiku mmoja umeme ulikatika saa nane, betri ikavumilia dakika 40, ikazima. Faili zilizokwisha kuandikwa zilikuwepo, kwa bahati, na zilitosha.

Zilitosha kwa sababu ya hesabu ambayo watu hawaifanyi. Sampuli 24, maduara mawili kila moja, besi 2,800 kila duara: ni besi 134,400 tu. Ukitaka kila herufi isomwe mara 200, unahitaji besi milioni 27 hivi, na floseli moja ina uwezo wa kutoa mabilioni. Saa mbili au tatu zinatosha, hata ukitoa fungu la muhogo. Simamisha, osha floseli kwa seti ya kuoshea, irudishe kwenye jokofu na idadi ya vitundu vilivyobaki ukiiandika juu yake. Kwa penseli.

Herufi

Programu ya Dorado hugeuza mkondo wa umeme kuwa herufi, ikatenganisha sampuli kwa lebo zake. Bila kadi nzuri ya michoro itachukua muda mrefu. Chagua modeli nyepesi kwa majaribio, nzito kwa matokeo ya mwisho. Kila uzi unakuja na alama ya ubora: Q10 ni kosa moja katika herufi 10, Q20 ni moja katika 100. Tupa zilizo chini ya Q10. Zilizobaki zilinganishe na jenomu ya muhogo kwa programu ya minimap2, na zinazofanana nayo uziweke kando.

Halafu unganisha nyuzi ziwe jenomu moja, kwa programu ya Flye au Canu, na hapa ndipo penye mtego uliomnasa kila niliyemfundisha, na mimi kabla yao. Kumbuka phi29 ilizunguka bila kukata. Uzi wa besi 11,200 si jenomu ya besi 11,200. Ni jenomu moja ya 2,800 iliyorudiwa mara nne. Programu haijui hilo. Itakupa "jenomu" ya 5,600 kwa kujiamini kabisa, wakati mwingine 8,400. Mara ya kwanza nilipoiona 5,600 niliwaita wenzangu waje waone kirusi kipya. Alikuja mmoja, akaangalia, akagawa kwa mbili, akarudi kwenye chai yake.

Dawa yake ni herufi tisa: TAATATTAC. Karibu virusi vyote vya jamii hii vina alama hiyo, mahali ambapo kunakiliwa kwa duara kunaanzia. Itafute kwenye kila uzi, pamoja na sura yake ya upande wa pili, GTAATATTA, kisha pima umbali kutoka moja hadi inayofuata. Kama umbali unarudi kuwa karibu 2,800 kila mara, umeushika mpigo wa duara. Kata hapo. Kwa desturi, herufi ya kwanza ya jenomu ni ile A inayofuata baada ya TAATATT, kwa hiyo mfuatano wako uanze na AC na uishie na TAATATT. Ukianzia pengine popote duara ni lilelile, lakini mwenzako hataweza kulinganisha na lake bila kulizungusha.

Tenganisha DNA-A na DNA-B. Zina eneo la besi 200 hivi linalokaribia kufanana kabisa, na programu ikizubaa itazishona hapo. DNA-A ina jeni za ganda na za kujinakili. DNA-B ina mbili za kusafiri ndani ya mmea. Sahihisha kwa programu ya Medaka, kisha zikague jeni moja moja. Jeni ikikatika katikati ghafla, tazama kama jirani pana herufi moja iliyojirudia, AAAAAA kwa mfano. Vitundu hupotea hesabu hapo, kama mtu anayehesabu mbuzi weusi usiku.

Ukishapata DNA-A safi, linganisha na zilizomo GenBank, hifadhi ya wazi ya jenomu mtandaoni. Kufanana kwa asilimia 91 au zaidi ni spishi ileile. Chini ya hapo kaa chini upya kabla ya kutangaza. Na kuwa mwangalifu na mchanganyiko, yaani kirusi kimoja kubeba kipande cha kingine. Ule mlipuko ulioteketeza mihogo ya Uganda miaka ya 1990 uliletwa na kirusi cha Afrika Mashariki kilichobeba kipande cha jeni ya ganda kutoka kwa kirusi kingine cha muhogo. Mchanganyiko wa kweli upo, basi. Lakini mmea wenye virusi viwili unaweza pia kukupa mchanganyiko wa uongo, ulioshonwa na kompyuta yako. Mimi hutazama uzi mmoja mrefu. Kama maungio yale yanaonekana kwenye mzunguko wa kwanza wa uzi huo, wa pili na wa tatu, mahali palepale, basi yalikuwemo kwenye duara lenyewe. Yakionekana tu kwenye jenomu iliyounganishwa na hakuna uzi hata mmoja unaoyavuka, yafute na uanze tena. Hapo ndipo nyuzi ndefu zinapozishinda mashine zinazosoma vipande vifupi, na ndiyo sababu sibadilishi mashine.

Ukiwa na duara mbili, jeni zote zimesimama, kila herufi imesomwa si chini ya mara 50, na mrija wa kinu kitupu ukiwa mtupu kweli, weka GenBank. Jaza tarehe, mmea, wilaya, na usisahau kuchagua kwamba ni ya duara. Jina la mkulima usiweke, na ramani ya shamba ishie kwenye kijiji.

Ukitaka kupanda juu, nenda kwa bakteria. Hapo hakuna phi29. Unahitaji DNA ndefu isiyokatika, kwa hiyo ncha za pipeti zikatwe mdomo uwe mpana, mrija usitikiswe, na besi milioni 250 zinatosha kwa E. coli mmoja. Muhogo wenyewe, wenye jozi 18 za kromosomu na nakala mbili zisizofanana, uache mpaka upate fedha, kompyuta kubwa na mwenzako wa kugombana naye. Tayari kuna waliobeba maabara ndogo hadi shambani: kundi la watafiti wa Tanzania, Uganda, Kenya na Australia lilisoma virusi vya muhogo chini ya mti na kuchapisha kazi hiyo mwaka 2019. Hatua walizopita ni za jamii hii hii, isipokuwa wao walizifanya na kuku wakipita.

Mkuranga nilirudi baada ya mwezi na nusu, na karatasi moja iliyochapwa. Bibi hakuwa na miwani. "Huyo mdudu wenu mmemsoma?" Nikamwambia tumemsoma, wako wawili kwenye shina moja, na kila mmoja ana vipande viwili vya herufi 2,800 hivi. Akafikiri kidogo. "Sasa pingili za msimu huu nikate shina lipi?" Tukaingia shambani pamoja, na utepe mwekundu niliokuwa nao mfukoni tukaufunga kwenye yale mashina tisa ya upande wa mnazi.